Mguu Badala ya Barua

  

Mwenyekiti wa Mtaa aliponipigia simu aliniomba nije mbele yenu niseme maneno ya kuwatuliza watu kuhusu ajali ya Jumatano ile. Nilimjibu kwamba kuja nitakuja, ila maneno ya kutuliza sina. Mji huu umetulia kupita kiasi. Tumetulia miezi 4 mbele ya shimo moja, na kutulia huko ndiko kulikomlaza kijana wa watu wodini.

Naomba nilisimulie tena jambo lenyewe, kwa kuwa vijiweni nimesikia linasimuliwa kama mkosi tu. Ilikuwa saa 4 kasoro usiku. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, umeme haupo. Kijana wetu wa bodaboda alikuwa amempakia mama mwenye mtoto mgongoni. Mtoto ana mwaka na miezi kidogo, homa imempanda, ameanza degedege, wanakimbilia kituo cha afya. Walipofika kwenye kona ya mashine ya kusaga, mbele yao kulikuwa na dimbwi kama madimbwi mengine yote waliyokwisha kuyapita tangu nyumbani. Kijana akapita katikati. Gurudumu la mbele likazama lote. Pikipiki ikapinduka, mguu wake wa kulia ukabaki chini, ukavunjika sehemu mbili chini ya goti. Mama amevunjika mtulinga. Mtoto alikuwa amefungwa vizuri kwa kanga, hakupata hata mchubuko, lakini alifika mbele ya muuguzi saa nzima baadaye, na saa nzima kwa mtoto wa degedege ni muda ambao mzazi yeyote hapa anaujua uzito wake.

Wako hai wote watatu. Tangu siku ile kila ninayekutana naye ananiambia, "Mungu ameepusha." Nami naitika amina kwa moyo wangu wote. Ila tusiifanye shukrani kuwa kanga ya kufunikia aibu. Mungu ameepusha kifo. Shimo hakulichimba Yeye.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Ijumaa asubuhi ilikuja kirikuu moja ya kokoto, ikiwa na pipa la lami, mashine ndogo ya kushindilia na vibarua wanne. Wakakata kingo za shimo zikawa mraba, wakachota tope lote, wakajaza tabaka kwa tabaka huku wakishindilia, wakamalizia na lami. Nilikuwa nimekaa pale kwa mama anayeuza maandazi, nikawatazama mwanzo hadi mwisho. Kabla ya adhana ya swala ya Ijumaa walikuwa wanaosha vifaa vyao. Asubuhi moja! Miezi 4 watu wazima tulikuwa tunalizunguka shimo lile, wengine tukipanda hadi kwenye baraza za watu, na dawa yake ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Nikamuuliza msimamizi wao, kwa nini leo? Akanijibu bila kusita: "Mzee, taarifa tumeletewa jana." Taarifa gani? "Ya ajali."

Mnalielewa jibu lile? Mji huu una shule, una misikiti na makanisa, una vyama vya siasa vyenye bendera kila kona, na karibu kila mtu mzima hapa ana simu mfukoni. Na bado taarifa ya kwanza ya shimo lile kufika kwa mtu mwenye kokoto na lami ilikuwa ni habari ya mfupa uliovunjika. Kwingine watu huandika barua. Sisi tumetuma mguu.

Sikuridhika. Nilikwenda ofisini nikaomba kuona rejesta ya malalamiko. Nikapewa, bila usumbufu wowote, na nawashukuru kwa hilo. Nikakaa kwenye benchi nikasoma kurasa zote tangu Januari. Kuna mbuzi walioingia kwenye bustani ya mchicha. Kuna kelele za ukumbi wa harusi. Kuna mpaka wa kiwanja, mara 3, watu ni walewale. Kuna mtu anamlalamikia jirani yake anayeanika dagaa. Shimo halimo. Nikadhani nimeruka ukurasa, nikaanza tena mwanzo, kwa kidole, mstari kwa mstari. Halimo.

Ndugu zangu, mbuzi akila mchicha wetu tunajua njia ya kwenda ofisini. Kiwanja kikimegwa hatua moja tunaijua njia, tena tunaamka alfajiri. Barabara ambayo sote tunaipita, inayopitisha maiti zetu na maharusi wetu, ikitoboka, njia ya ofisi inatupotea.

Na asiniambie mtu kwamba hakuliona. Mimi nimefanya kazi kwenye magenge ya barabara miaka 22. Nilianza na sururu, nikastaafu nikiwa msimamizi. Shimo lile nililiona Januari likiwa halijazidi sahani ya chai. Wiki moja kabla ya ajali nililipima kwa fimbo yangu hii hapa: kina shibiri moja na nusu, upana hatua 2 kamili. Nililipima! Nikasimama pale, nikatikisa kichwa, nikaenda zangu dukani kununua sukari. Mimi, niliyejua kuliko wengi wenu kwamba shimo lile litamla mtu, sikuandika hata mstari mmoja. Nimemwomba radhi kijana yule kitandani kwake, na naomba radhi mbele yenu. Kwa hiyo kila nitakaposema "sisi" leo, jueni nami nimo.

Shimo lile lilizaliwaje? Hili nataka tulielewe vizuri, hasa ninyi vijana. Barabara ile ina lami nyepesi. Wengi hudhani lami ndiyo inayobeba magari. Lami ya aina ile ni ngozi tu, unene wake haufiki vidole viwili. Kinachobeba mzigo ni tabaka zilizo chini yake, kifusi na kokoto zilizoshindiliwa zikashikana. Ngozi kazi yake ni kuyazuia maji yasizifikie tabaka hizo. Sasa mwaka jana, usiku, kuna mtu alikata lami pale kwenye kona, mstari mwembamba wa upana wa jembe, kutoka upande huu hadi ule, akapitisha bomba la maji. Akafukia kwa udongo uleule, akaukanyaga kwa miguu yake, akaenda kulala. Kuchimba barabara bila kibali ni kosa kisheria, na kila aliyewahi kushika sururu anajua ni kwa nini.

Maji yakapata mlango. Na mtaro wa pembeni umeziba, mnaujua ulivyo: maganda ya machungwa, mifuko ya mkaa, chupa, na kifusi alichomwaga mtu aliyekuwa akijenga fremu za maduka. Mvua ikinyesha maji hayana pa kupita ila juu ya barabara. Yakishaingia ndani, kila gurudumu la fuso la machungwa linalokanyaga pale linafanya kazi ya pampu. Linayasukuma maji kwenye kila upenyo, na yakirudi juu yanarudi na udongo. Gurudumu kwa gurudumu, usiku na mchana, tabaka la chini linatolewa kama uji unaokombwa kwenye chungu. Juu unaona lami nzima, chini kuna pango. Siku moja ngozi inakatika. Januari sahani, mwisho wa Februari beseni, masika ilipoingia mtoto angeweza kuogea. Januari karai moja la kokoto na ndoo ya lami vingetosha. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote, watoto wetu wanaiandika kwenye insha wakapata alama. Sisi wazazi wao tumeletewa ufa wenyewe mlangoni, tukauruka.

Aliyekata lami yupo hapa. Sitamtaja, kwa sababu nataka asimame mwenyewe, na siku ya kusimama ni leo au kesho. Bomba lako lingali linapita chini ya kile kiraka kipya. Nenda ukaombe kibali, ukalipie, lifukiwe inavyotakiwa. Kisha nenda nyumbani kwa yule kijana. Lakini simwachii yeye peke yake mzigo. Majirani mliosikia sururu usiku ule mko wapi? Na wale waliochota maji kwenye bomba lile, ndoo sh. 50, wakijua lilivyofika pale? Maji tuliyanywa pamoja, na lawama tuinywe pamoja.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo limekataa kunishuka kooni, na ndilo hasa lililonifanya nikubali kuja hapa.

Yule mama wa maandazi, ambaye meza yake iko hatua chache kutoka lilipokuwa shimo, mwezi wa tatu alitoa mti mmoja mkavu kwenye kuni zake, kuni alizozinunua, akafunga kitambaa chekundu juu, akauchomeka katikati ya shimo ili wapita njia wauone. Hakutumwa na mtu. Hana cheo chochote. Mti ukakaa siku 3. Siku ya nne haupo. Mtu kaung'oa akaenda kupikia. Mama yule akatoa mti wa pili katika kuni zake, akachana kipande kingine cha kanga yake kuukuu, akafunga, akachomeka. Nao ukachukuliwa, na kitambaa chake. Wa tatu hakuweka, kwa sababu kuni zina bei na maandazi hayajipiki.

Nimelifikiri jambo hili usiku mwingi. Aliyeuchukua mti ule aliiona alama. Alijua ni ya nini, hakuna mtu mzima katika nchi hii asiyejua maana ya mti wenye kitambaa katikati ya barabara. Akainama, akaung'oa, akamwacha mwenzake ajaye nyuma kama vile mwenzake huyo hatakuja. Alipata moto wa kuchemshia chai mara moja. Ni mkono huohuo ulioking'oa kibao cha kona kali kule darajani kikauzwa kwenye vyuma chakavu. Ni mkono wa nani? Ni wetu. Watu wa mji mwingine hawaji hapa kuiba kuni moja.

Na mama yule alifanya zaidi ya hapo. Alimwambia mjumbe. Mjumbe akamwambia, "Nitafikisha." Simlaumu mjumbe kwa ubaya, ana mambo mengi, na ninaamini alikusudia. Ila neno la mdomo huishia pale linaposahauliwa. Halina tarehe, halina saini, halina anayeulizwa.

Kisha simu. Vijana wawili waliokuwa wa kwanza kufika kwenye ajali waliwasha taa za simu zao, na badala ya kummulikia majeruhi wakarekodi. Mwanangu yuko Dar es Salaam. Video ile ilimfikia kabla mtoto wa degedege hajafika kituo cha afya. Akanipigia: "Baba, hapo si kona ya mashine?" Simu hizohizo zilikuwa mifukoni mwenu miezi 4. Picha moja tu, ya mchana, ya shimo likiwa kavu, ikapelekwa mahali pake, na leo kijana yule angekuwa kijiweni anagombea abiria.

Najua mtaniambia nini. Mtaniambia, mzee, ukiripoti hapa unaitwa kiherehere. Unaulizwa, "Kwani wewe ndiye diwani?" Unaambiwa unatafuta jina, unajipendekeza, una ajenda na uchaguzi. Ni kweli, nimeyasikia. Hata mimi, nilipolipima shimo kwa fimbo, kijana mmoja alipiga kelele kutoka barazani, "Mzee, umeshastaafu!" Wakacheka. Nami nikaona aibu. Nimeona aibu kwa kuwa nimeonekana ninajali! Mji umefika mahali pabaya pale anayejali ndiye anayeona haya, na anayeng'oa alama anapita amenyoosha shingo. Neno "kiherehere" limefunga midomo mingi katika mji huu kuliko polisi na mahakama. Kuanzia leo mtu akikuita kiherehere kwa kuripoti shimo, muulize yeye ameripoti lini.

Na wapo wanaosema, "Kodi tunalipa, hiyo ni kazi ya serikali." Kodi mnalipa, tena mnalipa hasa. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ndani yake inayokwenda Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 iliongezwa sh. 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, yaani hizi hizi zetu. Yule kijana jioni ile alikuwa ametia lita 2. Alikwisha kulipia shimo lile lizibwe, akaenda kulitumbukia. Kwa hiyo anayesema "kodi tunalipa" ana sababu kubwa zaidi ya kwenda kudai alichokilipia. Hakuna anayelipia nguo kwa fundi kisha akakaa nyumbani mwaka mzima bila kuuliza iko wapi.

Tena tazameni ukubwa wa kazi. Barabara kuu na za mikoa hapa Tanzania ziko chini ya wakala wa TANROADS tangu mwaka 2000. Barabara za wilaya, za vijijini na mitaa yetu ziko chini ya wakala mwingine, TARURA, iliyoanza mwaka 2017, na mtandao wake nchi nzima unazidi kilomita 140,000. Sehemu kubwa ni za udongo, kila masika zinaanza upya. Mhandisi gani mwenye macho ya kuona kilomita zote hizo? Macho yake ni wewe unayepita pale mara 6 kwa siku. Ukifumba macho, naye kafumba.

Lakini nisiwaonee wananchi peke yao. Viongozi wangu, mniwie radhi, na heshima zenu zote naziweka mbele. Mheshimiwa Diwani, gari lako limelipita shimo lile. Mtendaji wa Kata, pikipiki yako ya ofisi imelipita. Sote tuliwaona mkikata kona, mkipita kushoto kama sisi. Kiongozi naye ana macho, hahitaji kuandikiwa barua ndipo aone. Na kuna watu humu ambao miaka iliyopita waliripoti kalavati lililokatika kule mtoni, wakaambiwa nenda ofisi ile, wakafika wakaambiwa hii si barabara yetu, nenda kule, wakazungushwa mpaka nauli ikaisha. Mtu akizungushwa mara moja hivyo, hata shimo likifunguka mlangoni kwake atalitazama tu. Anayewajibu wananchi hivyo anachimba mashimo, hata kama hajawahi kushika jembe.

Kwa hiyo nataka tukubaliane, na tukubaliane hapa hapa uwanjani. Mwananchi hana wajibu wa kujua barabara ni ya wakala gani. Akifika kwenye ofisi yoyote ya serikali katika kata hii, taarifa yake ipokelewe, na ofisi ndiyo iihangaikie ifike panapostahili. Nyie mna simu za ofisi, mnajuana kwa majina. Na pale kwenye ubao wa matangazo, penye tangazo la chanjo la mwaka juzi, pabandikwe karatasi moja kila mwezi: shimo gani limeripotiwa, tarehe gani, limepelekwa wapi, limejibiwaje. Kama jibu ni "fedha hakuna mpaka bajeti ijayo", liandikwe hivyo hivyo. Sisi ni watu wazima, tunaweza kuusikia ukweli. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inatupa haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yetu. Na Ibara ya 27, kwa upande wetu, inatupa kila mmoja wajibu wa kulinda mali ya nchi na mali tunayoimiliki kwa pamoja. Zimo katika Katiba moja, hakuna aliyeruhusiwa kuchagua moja akaacha nyingine.

Naona sasa mnanitazama. Vizuri. Vijana sogeeni mbele, msisimame kule kwenye kivuli.

Kuripoti shimo si elimu ya chuo kikuu. Andika jina la barabara. Andika alama ambayo hata mgeni ataiona: mashine ya kusaga, mwembe mkubwa, lango la shule. Sema liko upande gani ukitokea wapi. Lipime kwa hatua, kina ukipime kwa shibiri au mti, wakati wa kiangazi likiwa kavu, maana maji huficha. Andika umeliona tangu lini na nani wanaopita pale, kama ni wanafunzi, kama ni njia ya wagonjwa. Piga picha ukiweka ndoo au kandambili pembeni ili ukubwa uonekane. Andika nakala 2. Moja waachie, ya pili wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe, uiweke ndani na vyeti vyako. Muhuri ule ndio unaomfanya mtu akumbuke. Wiki 2 zikipita kimya, rudi na nakala yako. Rudi kwa adabu, lakini rudi.

Na nina ombi la kifundi. Wale wavulana waliokuwa wanajaza udongo kwenye shimo wakiomba sh. 200 kwa madereva, sikuja kuwasema vibaya. Wao angalau walishika jembe. Ila wanangu, udongo kwenye shimo la lami ni tope la kesho. Unalainisha zaidi, na mbaya zaidi unalificha. Mkitaka kazi ya jembe, ipo, na haihitaji mhandisi: mitaro. Wazee mnaukumbuka msaragambo. Mbiu ya mgambo ikilia, kila nyumba inatoa mtu mmoja na chombo chake, mwenye nacho na asiye nacho, na anayebaki nyumbani jioni anaona haya kupita barabarani. Jumamosi hii saa 1 asubuhi naanzia mtaro wa kona ya mashine. Nina miaka 71 na mgongo unauma, lakini nitakuwepo na koleo langu. Wenye fremu ambao kifusi chenu kimo mtaroni, ninyi njooni na mkokoteni.

Yule kijana alibakiza miezi 3 mkataba wa pikipiki uishe, iwe mali yake. Sasa amelala, na hesabu ya kila siku haina wa kuipeleka. Wenzake wa kijiweni wamekwisha kuchanga, na wamefanya kwa siri, bila matangazo. Wamenifundisha kitu. Tajiri mwenye pikipiki ile namwomba mbele ya umati huu amsubiri mpaka apone, na sisi wengine tutakaotoka hapa tupitie kwa mweka hazina wa kijiwe chao. Ni fidia. Nawaomba msiite msaada.

Sasa nimalize, maana mwenyekiti anatazama saa.

Hii ni kauntabuku. Nimeinunua jana kwa fedha yangu, haijafanywa na kamati yoyote. Kila mstari una namba, tarehe, mahali, kipimo, jina la aliyeliona, na nafasi ya kuandika muhuri umegongwa lini. Itakaa dukani pale sokoni, si ofisini, ili isihitaji mtu kuvaa viatu ndipo aje. Kila Jumatatu watu wawili wataibeba kwenda kwa mtendaji, na juma hili mmoja wao ni mimi. Ukurasa wa kwanza nimeuanza. Mstari wa 1: kalavati la mtoni, jiwe la ukingo limetoka, upande wa kulia ukitokea sokoni, liko hivyo tangu Jumapili. Mstari wa 2: mbele ya lango la shule ya msingi, shimo la ukubwa wa sahani ya chai.

Sahani ya chai, mnanisikia?

Mstari wa 3 uko wazi. Kuna binti wa darasa la saba hapa mwenye mwandiko mzuri, atamwandikia yeyote asiyetaka kuandika mwenyewe. Ninataka mstari huo uwe wa mtu aliyetoa kuni zake mara 2 sisi tukalala. Mama, uko wapi? Ulinieleza jana kuhusu njia ya nyuma ya soko, pale bajaji zinapogeuzia. Njoo uliseme hapa, liandikwe kwa jina lako. Mpisheni. Vijana, inukeni kwenye hilo benchi, mpisheni mama apite.